Nafasi Kwenye Teksi ya Sudi

Mwezi uliopita nilipanda mchomoko, teksi ndogo ya kujaza watu, pale stendi ya Tukuyu. Nilibanwa kiti cha nyuma, kikapu cha mtu mapajani, kiwiko cha mtu mwingine mbavuni, na kabla dereva hajafunga mlango harufu ikanijia: petroli, kitenge kilichonyeshewa, na ndizi mbivu zilizoanza kulegea ndani ya buti. Wenzangu walikuwa wanailaani mvua. Mimi sikuwasikia. Nilikuwa nimekwisha kurudi darasa la pili, miguu inaning'inia bila kugusa sakafu, ndani ya teksi ya Sudi.

Vijana wa siku hizi wakiona gari dogo linabeba watu kama basi wanadhani ni ujanja wa juzi. Acheni niwatoe ushamba. Sudi aliuanza zamani, na aliuanza kwa sababu ya njaa.

Alikuwa mtu wa Ibighi, mwembamba, mwenye kofia nyeupe ya kufuma na sauti iliyomzidi mwili. Babu yake alikuwa fundi cherehani aliyepanda huku kutoka pwani enzi za mkoloni, akaikuta baridi yetu, akasema atakaa kidogo tu, na mpaka leo wajukuu zake wako hapa hapa. Sudi alizaliwa Tukuyu na Kinyakyusa alikisema kama sisi, ila akitaka kujipa ukubwa alijifanya mtu wa pwani aliyepotea njia. Alikuwa na Corolla nyeupe, teksi halali, ambayo aliiegesha karibu na soko na kuisugua kwa kitambaa kutwa nzima akingoja mteja. Sasa niulizeni, Tukuyu ile, nani alikuwa anakodi teksi? Bibi harusi, na mgonjwa aliyezidiwa. Na mabibi harusi hawapatikani kila siku.

Kisha basi la Lupepo, kijijini kwetu kule mlimani, likafa. Lilikuwa kongwe, linalia kwenye kila mlima, na siku moja lilishuka mjini likakataa kupanda tena. Watu wakarudia miguu yao, mikungu ya ndizi vichwani na ndoo za maziwa mikononi. Ndipo Sudi akapata akili. Alisema kama mtu mmoja hawezi kuikodi teksi, basi Lupepo nzima inaweza. Akaanza kupanda asubuhi na kuteremka na watu, kisha anapanda tena, kama basi hasa. Gari likijaa linaondoka.

Na kujaa kwenyewe kulikuwa na maana yake. Nyuma walikaa wanne, na watoto juu yao. Kiti cha mbele cha abiria kilibeba wawili. Yule mwembamba kuliko wote aligawana kiti na Sudi mwenyewe, hivi kwamba kila alipotaka kubadilisha gia ilibidi aombe, "Samahani mama, goti." Buti halikufungika kwa wingi wa ndizi, likakazwa kwa kamba ya katani. Hakuna aliyelalamika. Tuliokuwa tumechoka kutembea tuliiona ile Corolla ni ufalme.

Tatizo halikuwa kubanana. Tatizo lilikuwa wakwe.

Kwetu, mke wa mtu hakutani na baba mkwe wake. Simaanishi kwamba hawaongei tu. Hamtazami usoni, hataji jina lake, na akimwona kwa mbali anaiacha njia, anaingia migombani, anachuchumaa na kumpa mgongo mpaka mzee apite. Mzee naye akijua kuna mkamwana wake humo ndani, anaangalia upande wa pili na kuharakisha ili asimchoshe. Wazee waliita hali hiyo ukutila, yaani kuogopa, lakini ni kuogopa kwa heshima, kama unavyoogopa kumwaga kitu ulichokabidhiwa. Nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kulegeza. Mchungaji alisema kanisani kwamba Mungu hajamkataza mtu kumsalimu baba mkwe wake, na watu wakaitikia amina. Lakini kulegeza kunataka mmoja aanze, na nyumbani kwetu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumkosea mwenzake heshima. "Heshima si utumwa," mama alikuwa akisema, huku ananyofoa majani yaliyonasa kwenye nguo baada ya kujificha migombani.

Ndani ya basi jambo hili halikuwa na taabu. Mzee alikaa mbele, mkamwana nyuma kabisa, na katikati yao kulikuwa na magunia, kuku, na wanakwaya wanaofanya mazoezi bila kuombwa. Teksi haina mbele na nyuma ya namna hiyo. Sudi alizijua mila zetu vizuri, ila hakujua nani kaolewa kwa nani. Katika safari zake za mwanzo alimpakia mzee mmoja, na mbele kidogo akamsimamia mama mmoja na kumsukumia ndani kwa haraka zake. Mama alipoona ni nani ameketi pale, alijifunika khanga gubigubi akateremka sakafuni katikati ya viti. Mzee akageuzia uso dirishani na kuanza kufoka. Sudi, kwa kutojua kwamba hao ni wakwe, akadhani mama wa watu amepandisha mashetani. Alisimamisha gari mlimani akaanza kusoma dua, na kadiri alivyosoma ndivyo yule mama alivyozidi kujikunja.

Tangu siku hiyo, kila kituo, kabla hajafungua mlango, Sudi alitoa kichwa dirishani na kuuliza kwa ile sauti yake, "Jamani, nani mkwe wa nani?" Watu walicheka mpaka wakashika magoti, kisha wakamjibu kwa makini, kwa sababu lilikuwa swali la maana. Aliyekuwa na mkwewe ndani ya gari alisubiri safari ya pili. Na siku za jua, safari ya pili ilikuwepo.

Nyumba yetu na ya babu, baba mzazi wa baba yangu, zilitengwa na shamba la migomba. Bibi alikwisha kufariki. Baba alikuwa Chunya akitafuta dhahabu, ambayo niwaambieni mapema hakuipata. Kwa hiyo chakula cha babu kilipikwa na mama, na mbebaji nilikuwa mimi. Pamoja na chakula nilibeba maneno.

"Mwambie babu yako ndizi za leo, hizi mbalaga, zina moto, asubiri." Nilivuka migomba nikamwambia. "Mwambie mama yako ndaga fijo, asante sana, chumvi imekaa mahali pake. Na asichote maji kule chini, kuna utelezi." Nilivuka tena nikamwambia. "Mwambie babu yako nimelisikia paa lake linavyopiga kelele upepo ukija, fundi atapita." Hivyo hivyo, asubuhi na jioni. Hawakuwahi kuonana, na haikupita siku bila kuulizana hali. Nilikuwa nachoka, nikaanza kufupisha njiani. Sentensi ndefu za babu zilifika kwa mama zikiwa maneno mawili, "Kasema asante."

Kwa akili yangu ya darasa la pili nilikuwa na maelezo yangu kuhusu jambo lile. Niliamini wamegombana. Nilijua watu waliogombana wanavyofanya, maana mimi na rafiki yangu tuligombana kila wiki, na tulipogombana tulipishana vile vile, kila mtu amemgeuzia mwenzake mgongo. Tofauti ni kwamba sisi tulipatana kabla ya Ijumaa. Niliwaonea aibu, watu wazima wale, kununiana miaka yote.

Masika moja babu aliugua kifua. Kikohozi kilianza kama cha kila masika, kisha kikashuka chini na kukaa. Tulikisikia kutoka kwetu, kinavuka migomba, na mama alikuwa akiacha kukoroga chungu ili asikilize mpaka kiishe. Chai ya tangawizi niliyopeleka ilirudi nusu. Uji ulirudi wote. Mama akaamua kwamba babu aende hospitali, Makandana, na akaipanga safari yote bila kutia mguu kwenye uwanja wa babu. Alimtumia Sudi habari apande na gari mpaka mlangoni. Alimtumia habari shangazi, dada yake baba aliyeolewa Ibighi, amngoje babu hospitalini na kumuuguza. Alifua shati jeupe la babu akalikausha juu ya moto. Mimi akanituma nikalale kwa babu, ili asubuhi nimsindikize.

Asubuhi Sudi alifika, matope hadi madirishani. Mvua ya siku zilizotangulia ilikuwa imeila barabara, na wengi walikuwa wamebaki majumbani mwao. Mbele alikaa mwalimu mmoja aliyekuwa anateremka mjini. Nyuma tulikaa watatu, mama mmoja muuza maparachichi, babu dirishani, na mimi katikati. Gari halikujaa. Naomba mlikumbuke hilo.

Tuliteremka polepole kuizunguka migomba, na tulipofika kwenye kinjia cha kwetu mama alikuwa amesimama kando ya barabara. Mdogo wangu alikuwa mikononi mwake, si mgongoni, amefungwa kitenge, mguu mmoja umetoka nje unaning'inia. Nilipoondoka jana yake alikuwa mzima, anatambaa, anakula udongo kama kawaida yake.

Sudi alitoa kichwa dirishani, lakini hakuuliza swali lake. Alijua. Mama alisikia kikohozi kutoka ndani ya gari, akageuka, akachuchumaa pale pale kwenye tope, mgongo wake kwetu.

Babu alinigusa bega. Mimi na yeye tulisema Kinyakyusa siku zote, na kwa Kinyakyusa aliniambia nishuke nikaulize kuna nini. Nikashuka. Mama, bila kugeuka, alisema mdogo wangu amechemka usiku kucha, na alfajiri degedege limemshika. "Lakini mwambie babu yako aende. Mimi nitangoja safari nyingine."

Nikarudi nikamwambia babu. Babu akasema, "Mwambie mama yako apande. Mimi nina kikohozi tu."

Nikaenda. "Mwambie kikohozi hicho si tu. Na shangazi yako anamngoja."

Nikarudi. "Mwambie shangazi ni yule yule hata kwa mtoto."

Nilienda na kurudi kwenye lile tope mpaka kandambili yangu moja ikabaki humo. Kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake nafasi, kwa upole, kwa maneno mazuri, kupitia kinywa changu, na nafasi zilikuwa mbili. Mama wa maparachichi hakuvumilia. "Jamani, si wapande wote? Hilo gari lina mahali!" Mwalimu alitazama saa yake, akatazama mtoto. Sudi aliteremka, akafungua buti, akatoa kitenge alichofunikia mizigo ya watu, akakikung'uta.

"Mzee wangu," alisema, "nitakining'iniza hapa katikati. Wewe hapa mbele na mwalimu, yeye huko nyuma. Hamtaonana hata ukucha."

Akiongea na Sudi, babu alisema Kiswahili kila mara, ingawa Sudi hakukihitaji. Aliona ndiyo adabu kwa mtu wa kofia. Kiswahili chake hakikuwa na r wala z.

"Ndaga, Sudi," alisema. "Kitenge kitasuia macho. Mimi nakohoa, nalukaluka, gali lenyewe linatupa watu. Nikimwangukia je? Utamfanya mwanangu afe kwa haya." Akavuta pumzi. "Mtoto kwansa. Mimi utanifuata."

Nilisikia lile neno, mwanangu. Nilidhani anamsema baba, aliyeko Chunya, nikashangaa anaingiaje hapo.

Babu alifungua mlango wa upande wa pili, upande ambao mama hawezi kumwona. Alishuka akishikilia gari, akapanda ukingo wa barabara upande ule ule, akalivuta koti lake mpaka kichwani na kugeukia mashamba ya chai. Sudi akamwambia mama, "Tayari, mama. Hayupo." Mama akanyanyuka na kuingia garini ameinama, mdogo wangu kifuani. Kutoka ndani akaniita. "Mwambie babu yako," alisema, na hapo hapo mdogo wangu akakakamaa, macho yakageuka, mama wa maparachichi akapiga kelele, na Sudi akaondoa gari. "Narudi sasa hivi, mzee!" alipaza sauti dirishani.

Nilibaki barabarani na nusu ya ujumbe. Babu aliuliza, bado amegeukia chai, "Kasemaje?" Kwa mara ya kwanza sikuwa na la kupeleka. Nikasema kile nilichozoea. "Kasema asante."

Tulingoja kwenye banda la kupokelea maziwa, mimi na babu, tumekaa juu ya madumu matupu. Mvua ikaanza. Mvua ya kwetu mnaifahamu, haikuombi ruhusa wala haikuagi. Ilikuwa inaingia banda lile kutoka kila upande, na babu alinivisha koti lake, nami nikalivaa kwa sababu lilikuwa na joto na nilikuwa mtoto. Alikuwa anakohoa, anatulia, kisha ananiuliza maswali. Mama alikuwa amemshika mtoto vizuri? Kichwa kilikuwa kimeegemezwa? Alikuwa amevaa viatu?

Ndipo nikamuuliza lile lililokuwa likinikera siku nyingi. "Babu, mbona humpendi mama?"

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu mpaka nikaogopa. Kilipomwachia alisema, "Nani kakudanganya?"

"Humsalimii. Na yeye anakukimbia."

Akafikiri. Alisema kwamba watu wanaokuzoea wanakupita tu, hata jina lako wanalitupa. Lakini mtu anayeacha njia yote kwa ajili yako, na yeye ana ndoo kichwani na mtoto mgongoni, huyo anakupa kitu ambacho huwezi kukinunua. Akasema yeye amepata watoto wengi, wengine wamezikwa, wengine wameenda kutafuta dhahabu, na aliyebaki kumsikia akikohoa ni mmoja. Mimi niliona anazunguka tu kama wazee wanavyozunguka wakibanwa kwa swali. Nilibaki na msimamo wangu kwamba wamegombana.

Gari halikurudi. Mchana ulipokwisha kuchoka tulimwona Sudi anapanda mlima kwa miguu, suruali imekunjwa, viatu mkononi, kofia imelowa imemng'ang'ania kichwani. Mtoto alikuwa amefika hospitali na amepokelewa. Lakini Sudi alipokuwa anarudi, udongo wa mlimani ulikuwa umeshuka na kuifunika barabara, gari limebaki ng'ambo, na yeye ametambaa juu ya ule udongo kwa mikono na magoti. Mtu mzima mwenye kifua asingeweza kuvushwa pale. Sudi alisema haya akiwa amesimama kwenye mvua, hataki kuingia bandani, kama mtu anayeona hastahili kivuli.

Alimbeba babu mgongoni mpaka nyumbani. Babu alikuwa mrefu na miguu yake ilikuwa inaburura majani, na njiani nilimsikia akimtania, kwa Kiswahili, kwa adabu, "Leo nimepanda teksi bila gali."

Alifariki kabla barabara haijafunguliwa.

Mdogo wangu alipona. Mama na shangazi walipopata habari walivuka ule udongo kwa miguu, mtoto mgongoni, na walianza kusikia vilio vya msiba kabla hawajafika kwenye banda la maziwa. Nimehudhuria misiba mingi tangu hapo, ya watu wangu wa karibu pia, lakini sijamsikia tena mtu akilia kama mama alivyolia. Hakulia kwa ule utaratibu wa waliaji. Alilia kama mtu aliyekatwa pumzi. Mabibi waliokuwa wamekaa majanini walitazamana, mmoja akasema, "Huyu analia kama wa kuzaliwa." Mimi nilisimama pembeni nimepigwa na bumbuwazi. Mtu aliyekuwa akimkimbia miaka yote, anamlilia hivyo kwa nini?

Bibi mmoja, dada yake babu, alimfuata mama nyuma ya jiko alikokuwa amejikunja. Alimwambia, "Ingia umwone, mwanangu. Sasa hana haya tena." Mama alinyanyuka akafika mlangoni. Alisimama pale, mkono kwenye mhimili, uso umeinamia kizingiti. Kisha akarudi kinyumenyume kule kule alikotoka. Sijui kilichomrudisha. Labda kule mwisho alitaka kumpa tena kile alichokuwa akimpa siku zote. Labda miguu yake haikujua namna nyingine.

Sudi alikuja msibani akakaa na wanaume, na kila aliyemsalimu alimwambia sentensi ile ile, "Gari lilikuwa na nafasi." Hakuna aliyemlaumu. Tulitafuta wa kumlaumu tukamkosa, kwa sababu kila mtu siku ile alikuwa ametenda vyema. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba hapakuwa na mbaya. Palikuwa na viti viwili na watu wawili wanaopendana, na hawakuweza kukaa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na katika hili mjukuu ni mimi.

Siku hizi mimi nami ni mke wa mtu, na baba mkwe wangu mwenyewe akipata safari ya mjini anaketi ubavuni kwangu kwenye mchomoko, tunabishana habari za mpira mpaka tunafika. Nashukuru Mungu kwa hilo, nasema kweli. Siwezi kutamani watoto wangu wabebe maneno kama nilivyobeba. Lakini sicheki ninapowasikia vijana wakiicheka ile mila. Nyumbani kwetu ilikuwa njia ya watu wawili kuambiana kitu kikubwa, na haikuwa na mlango wa dharura.

Msiba ulipokwisha kupoa, siku moja tulikuwa jikoni, mama na mimi, tunapukuchua maharage. Mdogo wangu alikuwa sakafuni anafukuza yanayodondoka. Mama aliuliza, macho yake kwenye ungo, "Hivi, babu yako alikuwa na sura gani?"

Nikacheka. Nilidhani ananijaribu. Nilipoona mikono yake imeacha kupukuchua, nikajua anauliza kweli. Alikuwa ameolewa miaka mingi kabla ya mimi kuzaliwa. Alikuwa amempikia mtu yule kila siku, anaijua chumvi anayoitaka, anazijua hatua zake, anaweza kukitenga kikohozi chake na cha mtu mwingine yeyote. Uso hakuwahi kuuona. Picha babu hakupiga, alisema mpiga picha wa mjini anawafanya watu wote wafanane na maiti, na ile ndogo ya kwenye kadi ya chama unyevu ulikuwa umeila. Kumuuliza baba kusingekuwa adabu. Nilikuwepo mimi.

Nikamwambia ana mwanya kwenye meno ya juu. Nikamwambia akicheka jicho moja linafumba kabla ya jingine. Nikamwambia ana kovu hapa, nikajishika kidevu. Mama akanyoosha kidole, akanigusa pale pale.

"Kubwa?"

"Dogo."

"La nini?"

Sikujua. Sikuwahi kumuuliza.

Mama sasa ni mtu mzima sana, na bado ananiuliza. Huwa anangoja tubaki wawili. Mwaka jana aliniuliza ni jicho lipi lililokuwa linatangulia kufumba, nikasema la kulia. Mwaka huu nikasema la kushoto. Alinitazama kidogo, hakunisahihisha, akaendelea na kazi yake, na nilielewa kwamba ameona. Mengine ninayomwambia siku hizi nadhani nimeyatunga mwenyewe, ili asirudi mikono mitupu. Nilikaa na babu kutwa nzima kwenye lile banda, magoti yetu yamegusana, na sehemu kubwa ya kutwa ile nilikuwa naangalia barabara kama gari linakuja. Ningejua kwamba namtazama babu kwa niaba ya mama pia, ningemtazama vizuri zaidi.